Maji ya Pua ya Zulhumor

Jumapili, soko la Chorsu limefurika. Zulhumor, fundi wa magauni, amevaa hariri ya zambarau aliyoishona mwenyewe. Alipoinama kuchagua tikiti, maji maangavu yakamchuruzika kutoka tundu la kushoto la pua, yakadondokea tunda.

“Dada, hilo nimeshaliosha,” alisema muuzaji, kijana wa kofia iliyotariziwa.

“Nipe hilohilo. Na usinicheke!”

“Sicheki. Nauliza jina.”

Kijana mwenyewe aliitwa Davron. Wiki haikuisha wakawa wanapigiana simu kila jioni.

“Umeuza leo, au umekaa kutazama wateja wazuri?”

“Nilimtazama mmoja tu, roho yangu, na hajarudi.”

Akarudi. Davron akamwalika pilau. Zulhumor alipoinamia sahani, maji yakatoka tena.

“Mafua gani haya, tundu moja tu, tena ukiinama? Nenda kwa daktari, mpenzi.”

“Sema tu unanionea kinyaa!”

“Kinyaa? Nina wasiwasi nawe!”

Zulhumor alishachukua mkoba na kuondoka. Wiki mbili hakupokea simu yake, ingawa kila ikilia moyo ulimruka.

Asubuhi moja, akiwa kwenye cherehani, aliona katikati ya kitambaa tu. Pembeni kote giza. Akakimbilia hospitali.

“Hayo si makamasi, mwanangu,” daktari, mama wa makamo, alimweleza baada ya kumpiga picha za kichwa. “Ni maji yanayozunguka ubongo. Una uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, umetoboa mfupa na kubana mishipa ya macho. Si saratani. Tutautoa kwa kupitia puani.”

Alipiga simu palepale koridoni.

“Davron, ulisema kweli. Usijisifu.”

“Uko wapi?”

“Hospitali. Naogopa.”

“Nimeshatoka!” Nyuma yake jirani wa kibanda alisikika akipiga kelele, nani ataangalia matikiti.

Siku ya upasuaji Davron alikaa na mama yake Zulhumor tangu alfajiri, wakishikana mikono kama mtu na mwanawe. Uvimbe ukatoka, maji yakakatika, macho yakaona pembeni tena. Daktari akaonya: wiki sita asiiname, asipenge.

Siku ya kuruhusiwa, Davron alipiga magoti sakafuni kumfunga kamba za viatu.

“Wiki sita nitakuja kukufunga viatu.”

“Na ya saba?”

“Utajifunga. Ila mimi nitakuwa nimeshazoea. Nitaishije?”

“Kama ni posa, kamuulize mama.”

“Nilimuuliza ukiwa chumba cha upasuaji. Amesema nikuulize wewe.”

Zulhumor alijizuia kucheka, machozi yakimlenga.

“Nimekubali, mpenzi. Haya, funga na cha kulia, twende nyumbani.”