Kopo la Mafuta ya Mvinje

Misumeno ilikuwa inavuma mtaani Ng'ambo siku Nassra alipopigana kikumbo na seremala mlangoni mwa karakana. Baibui lake jipya likajaa vumbi la mbao.

"Samahani, bibie. Unataka kitanda?"

"Nnataka hilo vumbi."

Seremala, Haroub, akacheka. Nassra akamweleza kuwa ni mtafiti: vumbi la mbao likichomwa ndani ya pipa lisiloingia hewa, moshi wake ukipozwa hutoa mafuta. Ila kwanza hulikaanga kwa joto la wastani, lipunguze maji na asidi.

"Kumbe mpishi!"

Miezi mitatu ikapita, Haroub akimletea vumbi, simu asubuhi na jioni.

"Ushakula, roho yangu?" Nassra huuliza.

"Nshakula. Wewe ushakaanga?"

Kisha, siku chache baada ya Nassra kumpa Haroub kopo la mafuta, yaliyobaki yakaharibika: juu maji makali kama siki, chini uji mweusi. Nassra akapiga simu.

"Umenichanganyia magome, Haroub. Magome yana majivu mengi, yanaharibu mafuta."

"Wallahi ni vumbi la mti wa mvinje mtupu!"

Akamkatia. Wiki nzima hakumpokelea simu.

Jumanne mchana, akikagua tanuri la kukaangia, aligundua kipimajoto kimekufa, mshale umeganda kwenye joto la juu. Vumbi lile halikukaangwa. Liliingia pipani bichi. Kosa lilikuwa lake. Akafungua ujumbe wa Haroub wa asubuhi: "Leo nnawashia jiko la kuyeyushia gundi lile kopo la mafuta ulilonipa. Uone kama nlikudanganya."

 Kopo lile lilitoka kwenye mafuta yale yale. Maji yaliyomo yangezima moto, mvuke wa mafuta ungejaa ndani ya jiko. Akiwasha tena, ungelipuka.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku anakimbia, viatu mkononi, mtandio begani, watu wa Darajani wakimpisha. Karibu na karakana akasikia kishindo. 

"Haroub!"

Moshi ulitoka mlangoni, mzito, unawasha macho. Kisha akatoka Haroub, anakohoa, nyusi zimeungua, mkono umebabuka.

"Moto ulizimika," alisema. "Nikawasha tena."

"Ni mimi! Joto halikupanda. Mvinje wako haukuwa na kosa." Alikuwa analia, anammwagia maji mkononi. "Nisamehe. Nlidhani nshakupoteza."

Haroub akapangusa masizi usoni.

"Nitume wazee kwenu Ijumaa?"

"Watume Alhamisi," Nassra alijibu. "Sasa twende hospitali."