Mkono Uliokaa Kimya

Fundi saa alikuwa na sikio kali. Saa ikichelewa, alijua kabla ya kuifungua. Mkewe alikuwa msusi, akisuka wateja kwenye chumba hichohicho alichotengenezea saa.

Asubuhi moja mkewe alishusha mikono kabla hajamaliza kusuka.

"Wa kushoto umechoka tena. Kama si wangu."

"Unaniacha nusu kichwa?" mteja alilalamika. "Nikawatishe watoto wa watu?"

Fundi alimshika mkewe mkono. Ulikuwa baridi. Akabonyeza kifundo, pale damu inapodunda. Kimya. Akasogeza vidole. Kimya. Mkewe yuko mbele yake, anapumua, lakini mkono umenyamaza kama saa iliyokufa.

"Mbona unanitazama kama maiti?"

"Vidole vyangu tu, mke wangu. Vimekufa ganzi."

Mezani palikuwa na kipimo cha presha cha jirani yao muuguzi, kimeletwa kubadilishwa betri. Akamfunga nacho mkono ule. Kikavuma, kikakataa. Akakifungua, akakisafisha, akajipima mwenyewe. Kikasoma. Akampima mteja. Kikasoma. Kwa mkewe, kikakataa. Mteja akasogeza kiti chake nyuma, polepole.

Ndipo muuguzi akaingia kuchukua kipimo chake.

"Shemeji, unatengeneza kitu kizima," alisema aliposikia. "Lete mkono wa kulia."

Kikasoma, tena presha ya juu.

"Nimelogwa mkono?" mkewe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hujalogwa, dada. Damu haipiti vizuri. Kuna ugonjwa wa nadra: kinga ya mwili inaishambulia mishipa mikubwa ya damu. Kuta zake zinavimba, njia inakuwa nyembamba. Hauambukizi. Ila ukiachwa, unaweza kudhuru macho, moyo, hata ubongo. Sina hakika kama ndio huo. Twende hospitali, sasa hivi."

Hospitali walimpima mikono yote miwili, wakapiga picha za mishipa. Ugonjwa ulikuwa ndio huo.

"Unaitwa Takayasu," daktari alisema.

"Hata jina linatisha!" mkewe akasema.

Alipewa dawa za kutuliza uvimbe. "Hata ukijisikia mzima, usiziache ghafla. Na usikose kliniki."

Miezi ikapita. Mkono ukapata joto. Siku moja yule mteja akarudi, akasukwa kichwa kizima.

Jioni hiyo fundi alibonyeza kile kifundo, akafumba macho. Kitu kikamgusa vidole, kwa mbali.

"Ipo?" mkewe akanong'ona.

"Ipo. Inapiga kidogokidogo, kama saa inayochelewa."

"Basi tafadhali, usiifungue."