Mbeleko Isiachwe Tupu

Jua lilikuwa linazama. Mama Kichanga alishafika getini, mkoba begani, maziwa yamemjaa kifuani hadi blauzi imelowa, ndipo akakumbuka hajasoma kipimajoto cha friza. Akarudi mbio.

"Umesahau mtoto ndani?" mlinzi wa makumbusho akamtania.

"Mtoto yuko kwa bibi yake. Na wewe una maneno."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa mama mkwe: Mtoto amepoa.

Akashusha pumzi. Tangu alfajiri mtoto alikuwa na homa ya meno, na kazi haikumruhusu kukaa naye. Kama amepoa, Mungu mkubwa.

Kwenye ukumbi wa nyuma kikongwe aliyetumwa na ukoo wake, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Ukoo wake ndio wenye mbeleko, ile kuukuu ya ngozi na shanga iliyolala kabatini miaka na miaka hadi wadudu wakaanza kuitoboa. Safari hii makumbusho hayakuamua peke yake. Walikaa na ukoo, wakakubaliana: igandishwe wadudu wafe, mmoja wa ukoo awepo, na neno moja la Bibi lifuatwe. Isiachwe tupu.

Hilo halikumsumbua Mama Kichanga. Ngozi ya kale ikigandishwa imejikunja hupasuka, lazima ijazwe kitu laini. Asubuhi ile pamba ilikuwa imekwisha, bosi anaharakisha, na mkobani mlikuwa na fulana ya kwanza ya mwanawe, safi, imefuliwa hadi imekuwa kama ukungu, anayoibeba ili amkumbuke. Akaikunja akaitia, mbeleko akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akailaza frizani. Ikatosha kama iliyopimwa.

Kwenye chumba cha friza giza lilishaanza kuingia. Friza ilikuwa ikinguruma kama siku zote.

Hapana...

Mmm... mmm... Kisha kimya, kama mtu avutaye pumzi. Kisha tena, mmm...

Friza haivuti pumzi.

Akainua kifuniko. Baridi ikampiga usoni, na ndani ya baridi ile, harufu ya maziwa yaliyochacha. Mfuko ulikuwa umefungwa vilevile. Lakini mbeleko aliyoilaza bila kuifunga ilikuwa imejifunga fundo. Fundo la kubebea, lile ambalo kila mama hulifunga bila kulitazama. Na kilichokuwa ndani kilikuwa kimejaa... kimejikunja...

Akampigia simu mama mkwe.

"Mama, amepoaje?"

"Amepoa, mwanangu." Sauti ya mama mkwe ilikuwa ndogo. "Nimempa blanketi mbili, nimemweka kifuani. Amepoa kama maji ya mtungi. Na haamki."

"Bibi," akaita. "Bibi, njoo..."

Bibi akaja akichechemea, akachungulia. "Umemtia nani humo?"

"Fulana tu, Bibi. Ya mwanangu. Si ulisema isiachwe tupu?"

"Nilisema isiachwe tupu. Sikusema muipe mtoto." Akanong'ona, "Sisi huiwekea kipande cha gogo. Hamkuniuliza."

"Ya nani hii?"

"Ya mama aliyekimbia vita na mwanawe mgongoni. Alitembea kutwa akimwimbia. Walipofika ndipo watu wakamwambia anayemwimbia hayupo. Akakataa kufungua fundo."

Mmm... mmm...

"Mpaka leo hajakubali."

Mama Kichanga akaushika mfuko, akasita. Kazi yake ndiyo iliyomfundisha: ukiufungua ungali na baridi, umande unailowesha ngozi, inaharibika. Huachwa hadi kesho yake. Kesho...

"Ngozi ni yetu," Bibi akasema. "Fungua."

Akaupasua. Fundo likagoma. Alivuta hadi kucha zikauma, machozi yakimdondoka juu ya shanga, na wimbo ule sasa haukutoka frizani. Ulikuwa nyuma ya shingo yake.

"Dada," akanong'ona, hajui anamwambia nani. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nirudishie wangu."

Wimbo haukukatika.

"Hatamwachia akabaki mikono mitupu," Bibi akasema. Akafungua pindo la nguo yake, akatoa bangili ya shanga, ndogo, ya mkono wa mtoto mchanga. Aliitazama kidogo. "Wa kwangu hasikii tena baridi."

Akaipenyeza ndani.

Fundo likalegea.

Simu ikalia. "Analia," mama mkwe akasema, naye analia. "Anataka kunyonya."

Mama Kichanga alikimbia, fulana mkononi, ngumu kama ubao. Nyuma yake Bibi alibaki ameinamia friza, akiufuata ule wimbo. Alikuwa anaujua wote.

Nyumbani mtoto alinyonya hadi akashiba, joto lake limerudi, mashavu yamelowa jasho. Akamlaza katikati ya kitanda, akageuka kuzima taa. Alipotazama tena, mtoto amesogea hadi ukutani, kama ampishaye mwenzake, kiganja amekikunja kama aliyeshika mkono mwingine mdogo.

Akagusa pale alipopisha.

Palikuwa na baridi.

Akaivuta shuka, akapafunika na pale.