Mboga Mlangoni kwa Wakati

Mtaani walimwita Bi Kapu. Alikuwa na kibanda cha mboga sokoni, na mikono yake ilijua kuchagua. Akibonyeza nyanya kidogo tu, alijua kama itafika kesho. Mumewe aliitwa Chapuchapu, kwa sababu kila kitu alitaka kukifanya sasa hivi. Hata chai alikunywa amesimama.

Kiwanda alichofanyia kazi Chapuchapu kilifungwa. Akabaki na pikipiki yake tu. Siku hizo wateja wa kibandani nao walikuwa wamepungua. Wengi walirudi kutoka kazini wamechoka, hawana nguvu ya kupita sokoni.

"Mama watoto," Chapuchapu alisema asubuhi moja, huku akifunga kreti nyuma ya pikipiki. "Kama wao hawaji kwetu, sisi twende kwao. Wapige simu, wewe uchague, mimi nipeleke."

"Upeleke wapi?"

"Popote! Mji mzima!"

Bi Kapu alicheka, lakini wazo lilimkaa moyoni. Wakasambaza namba ya simu, wakaanza. Mayai, maziwa, mkate na nyama Bi Kapu alivichukua kwa wenzake sokoni.

Simu zilikuja nyingi. Chapuchapu hakujua kusema hapana. Mtu wa ng'ambo ya mji aliomba fungu moja la mboga. "Nakuja sasa hivi!" Mtu wa upande mwingine kabisa alitaka mayai. "Nipo njiani!" Kumbe bado yuko kibandani, anatafuta kofia yake ya pikipiki.

Alienda huku, akarudi, akaenda kule. Foleni za magari zilimshika. Jua lilichoma mboga. Viazi vililalia nyanya. Maziwa yalichacha kabla ya kufika.

"Niliagiza nyanya," mteja mmoja alimwambia, "wewe umeniletea mchuzi."

Faida yote ilikuwa inaishia kwenye tangi la pikipiki. Bi Kapu aliona hayo yote, akaendelea kufunga mizigo. Alidhani ni ugeni wa kazi tu.

Siku moja, mwalimu mmoja mstaafu alipiga simu asubuhi na mapema. Alikaa peke yake ghorofa ya juu, kwenye jengo lisilo na lifti, na magoti yalikuwa yanamsumbua. Aliomba mkate, ndizi na mboga.

"Sasa hivi, Mwalimu!" alijibu Chapuchapu.

Bi Kapu akafunga mzigo vizuri. Lakini hapo hapo simu nyingine ikalia kutoka mbali, na Chapuchapu akaondoka mbio.

Mchana Bi Kapu aliinama kuchukua maji ya kunyunyizia mboga. Akauona mzigo wa Mwalimu chini ya meza. Aliuacha mkate wake mwenyewe bila kuumaliza, akaubeba mzigo ule na kwenda kwa miguu.

Mwalimu alifungua mlango polepole. Alikuwa anatoka jasho na mikono inamtetemeka.

"Mwalimu, una nini?"

"Nilimeza dawa yangu ya kisukari," alijibu kwa sauti ndogo. "Nilijua chakula kinakuja. Ndani nilikuwa sina kitu."

Bi Kapu alimketisha, akagonga mlango wa jirani. Jirani alikuwa mama aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kisukari. Alikuja na sukari, akaikoroga kwenye maji.

"Sukari ya mwilini imeshuka," alieleza. "Maadamu yuko macho na anaweza kumeza, anywe taratibu. Akipata nafuu ale. Halafu nitampeleka kituo cha afya wamtazame."

Baada ya muda mikono ya Mwalimu ilitulia. Alikula mkate na ndizi. Kisha akamgeukia Bi Kapu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Bi Kapu.

"Mwanangu, mngeniambia kwamba mtachelewa, ningemwomba jirani. Kusema 'sasa hivi' ndiko kulikoniponza. Basi, msiniletee tena."

Jioni Bi Kapu aliketi uani, ameshika tama. Alimsimulia mumewe yote. Chapuchapu naye uso ukamshuka.

"Nilitaka kumridhisha kila mtu," alisema.

"Na hujamridhisha hata mmoja. Tuiache kazi hii. Tunajiaibisha."

Jirani yao alikuwa hapo karibu, akifagia basi la shule. Yeye ndiye dereva wa basi hilo, na kila asubuhi huzunguka kuchukua watoto. Aliweka ufagio chini.

"Samahani, jirani, nimesikia. Msiiache kwanza. Shemeji, nikuulize. Ningekuwa namchukua mtoto mmoja, nampeleka shule, halafu narudi kumchukua wa pili, ingekuwaje?"

"Wangechelewa," alijibu Chapuchapu.

"Wangechelewa? Wangefika shule wameota ndevu!"

Chapuchapu alicheka, ingawa hakutaka.

"Mimi nina njia moja," Dereva aliendelea. "Nawapitia wote kwa mstari, mlango hadi mlango. Kila mzazi anajua saa yangu. Tairi likipata pancha, nawapigia simu kabla hawajaanza kuchungulia dirishani."

"Na mtoto wa ng'ambo ya mji?" aliuliza Chapuchapu.

"Simchukui."

"Yaani nikatae wateja? Mji ni mkubwa!"

"Mji ni mkubwa, shemeji, lakini pikipiki yako ni moja."

Bi Kapu aliinua kichwa. "Na ndani ya basi, watoto wanakaa vipi?"

"Wadogo siwachanganyi na wakubwa. Watabanwa."

"Basi na mimi nitaweka viazi chini, nyanya na mayai juu," alisema Bi Kapu polepole. "Nyama mbichi nitaifunga peke yake, isidondokee matunda. Na maziwa?"

"Nunueni sanduku la kutunza baridi, mtie barafu. Yakishachacha hamna cha kuuza."

Maneno hayo yaliwaingia. Wakachagua mitaa ya karibu tu. Wateja waliagiza jioni, ili Bi Kapu achague asubuhi. Mizunguko ikawa miwili, wa asubuhi na wa jioni. Kitu kikikosekana, Bi Kapu alimpigia mteja simu na kumuuliza, hakujiamulia kuweka kingine. Gharama ya kupeleka ilisemwa mapema, ili mtu asishtukie mlangoni.

Simu ya kwanza ya mbali ilipolia, Chapuchapu alijikuna kichwa.

"Sa... samahani, ndugu. Huko hatufiki."

Alijifuta jasho kama mtu aliyetua gunia. Kisha akamtazama mkewe kwa mshangao. "Amenishukuru! Anasema afadhali nimemwambia mapema."

Bi Kapu alikwenda kwa Mwalimu kuomba radhi. Hakubeba mboga.

"Tunaomba nafasi nyingine moja," alisema. "Tutafika saa tatu asubuhi. Tukikwama, utajua kabla ya saa tatu."

Mwalimu alifikiri. "Sawa. Lakini siku hizi naweka akiba ya chakula ndani. Dawa yangu haitangoja pikipiki tena."

"Hapo umesema kweli, Mwalimu."

Miezi ikapita. Mayai yalifika mazima. Gharama ya mafuta ya pikipiki ilipungua, kwa sababu mkazi mmoja wa jengo alimwambia mwenzake, na kituo kimoja kikawa na milango mingi. Chapuchapu alianza kunywa chai ameketi.

Mdogo wake Bi Kapu aliuza mboga ng'ambo ya mji. Alisikia habari, akaja kujionea.

"Dada, kweli kazi hii inawezekana mjini?"

"Inawezekana ukianza na mtaa wako. Hao wa upande wako wanaonipigia, nitawaelekeza kwako. Twende uone."

Wakazunguka pamoja na Chapuchapu. Mwisho walipanda ngazi hadi kwa Mwalimu. Mlango ulikuwa wazi. Jikoni sufuria ilikuwa motoni, na maji yalikuwa yanachemka.

Mdogo mtu alichungulia, akapigwa na butwaa. "Mwalimu, umebandika maji na mboga huna?"

Mwalimu aliitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tatu kamili, akapokea mzigo wake.

"Mboga ninazo," alisema. "Zilikuwa zinapanda ngazi."