Mwenyewe Yumo

Rahma, dada wa kafe ya intaneti pale mjini Moshi, alinikuta nimeinamisha kichwa mbele ya kompyuta nikisema, "Shikamoo, mama."

"Mjomba Filemon," akasema taratibu, "unamwamkia nani?"

Nikamwonyesha bibi aliyeketi barazani kwenye picha ya nyumba. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, nimeendesha malori hadi Lubumbashi, nimepiga deki kwenye meli za Wajerumani, na bado mdomo wangu ukiona mvi unasalimu wenyewe.

Rahma akainama, akatazama. "Hapo pana kiti tu."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Kiti tu. Meza nzima ya jirani ilicheka, nami nikacheka kuliko wote, maana mtu mzima akiumbuka ni heri awahi kujicheka.

Ilikuwa 2006, na nyumba niliyoitafuta haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mektrida, mpwa wangu, na mumewe Hosea. Kwao Hosea, kule Kilema, kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kilikwenda kwa kifungua mimba, cha baba kikaenda kwa kitinda mimba. Yeye wa katikati akaondoka na baraka na mkungu wa ndizi. Miaka tisa walipanga chumba kimoja, wakihamishwa kila mwenye nyumba alipomwozesha mtoto na kukitaka chumba chake. Walitamani kitu kimoja: mlango ambao wao ndio wangesema "karibu". Nami, kwa kuwa nilijifanya najua kompyuta, nikawatafutia kwenye tovuti ya nyumba.

Tangazo lilisema: "Nyumba Chekereni, vyumba vitatu, kisima. Hakuna dalali. Mwenyewe yumo."

Kiswahili gani hicho? Nikamwandikia muuzaji, bwana mmoja aitwaye Shakiru, aliyehamia Dar: "Ndugu, sema mwenyewe yupo. Yumo ni wa ndani, kama panya kwenye gunia. Hata sisi Wachaga tunalijua hilo." Hakujibu. Kesho yake tangazo lilisomeka "Mwenyewe yupo", na hilo ndilo nililowaonyesha. Shakiru alikuja kusaini kwa wakili, akakabidhi funguo, akapanda basi kurudi Dar. Nyumbani kwenyewe hakukanyaga.

Siku ya kuhamia, Mektrida alisimama mlangoni na binti yao Salvina, wa miaka minne, akatania, "Hodi kwangu."

"Karibu," sauti ikajibu kutoka jikoni.

Akadhani ni Hosea. Akaingia. Kisha Hosea akapita nyuma yake, godoro kichwani, akauliza, "Nani kakukaribisha?"

Wakaendelea kuingiza vyombo. Mtu aliyengoja nyumba miaka tisa haondoki kwa neno moja.

Kile kiti cha barazani walikikuta, wakakiacha. Mchana, mashamba ya mpunga yanapotulia, kilikuwa kikilia kama kimekaliwa. Harufu ya pumba mbichi zinazofuka moshi iliingia mpaka kwenye shuka. Wakaanza kunong'ona, wakaanza kupakua sahani ya nne bila kuulizana ni ya nani, wakaanza, bila hata mmoja wao kusema tufanye hivi, kubisha hodi kwenye kila mlango wa nyumba waliyoinunua wenyewe, wa jikoni, wa chumba chao, na kila mara walikaribishwa, kwa upole, kama wakaribishwavyo wageni, hadi siku moja saa sita mchana Mektrida alipobisha kwenye chumba cha Salvina na ile sauti isijibu, akangoja, akabisha tena, na mtoto akajibu kutoka ndani, kwa koo la bibi kizee, "Karibu."

Tulimleta Mzee Mikidadi, mganga wa kitabu kutoka mjini, na ubani wake, na sahani nyeupe iliyoandikwa aya za kuoshwa na kunywewa. Salvina alikuwa kwenye kiti cha barazani, miguu haifiki chini.

"Hodi," mzee akasema.

"Karibu, mwanangu," mtoto akamjibu mzee wa miaka sabini.

"Wewe nani?"

"Mwenyewe."

"Toka kwa mtoto wa watu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," ikasema. "Hawa wamekula kwangu miezi sita, sijawapa jembe. Nimechukua pa kukaa tu." Kisha ikaipokea ile sahani iliyokwisha oshwa kwa maji, ikayanywa yote, ikaomba nyingine.

Mzee Mikidadi akafunga mkoba wake.

"Tutahama leo," Hosea akanong'ona. "Tumwachie nyumba yake."

"Hameni," mzee akasema. "Humo ndani hakuna mtu tena."

"Sasa yuko wapi?"

Mzee alimtazama Salvina. "Yumo," akasema.

Wamerudi kupanga chumba kimoja mjini. Mwenye nyumba alibisha hodi mara moja, akasikia aliyemjibu, akawapa mpaka Jumamosi watoke.

Nikampigia Shakiru simu. "Kwa nini hukutuambia?"

"Niliandika yumo, mzee," akasema. "Wewe ukanisahihisha."