Kile Kichwa Kilichoungua Pale Facebook

Mwalimu Priscilla aliruka kutoka kwa kiti changu akiwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa!

"Mwalimu, si nimalizie?"

"Umalizie nini? Uniunguze kama huyu?"

Akanigeuzia simu usoni. Jamani...

Ilikuwa picha ya kichwa cha mwanamke, imepigwa kutoka nyuma. Nywele za kisogoni zimetoka zote. Ngozi imechubuka, nyekundu, inatoa maji.

Chini wameandika: HII NDIYO KAZI YA MORAA WA SUNA. AKINA MAMA WA MIGORI, MJIHADHARI!

Priscilla akajifunga leso kichwani, akatoka. Wateja waliokuwa wakingoja kwa benchi wakamfuata. Hata kuniaga, hakuna.

Moraa ndiye mimi. Hiyo saluni nilianza nikiwa nasuka watu kwa varanda ya duka la wenyewe, mpaka nikapata chumba, tukagawana na rafiki yangu Mellen. Na sasa akaunti moja inaitwa Sauti ya Wateja inanizika nikiwa hai!

Nikafungua komenti.

"Huyo aliniunguza masikio."

"Nasikia anachanganya dawa ya nywele na sabuni ya kufua!"

Watu ambao sijawahi kuwashika hata unywele mmoja!

Hasira ikanipanda. Nikajibu mmoja mmoja. "Wewe hata chawa walihama kichwa chako, utaniambia nini?"

Wueh! Afadhali ningenyamaza. Walipiga picha hilo jibu langu wakalisambaza mpaka Homa Bay. Sasa nikawa mwenye kuunguza na mwenye matusi.

Caleb, mume wangu, huendesha lori la miwa huko Awendo. Alirudi akanikuta nalia. Akanishika bega.

"Wachana nao, mpenzi. Funga saluni kidogo. Enda Rodi Kopany ukae na mama yangu, unajua vile amekuwa tangu apooze. Watu wakisahau, utarudi."

Nikamshukuru Mungu kwa mume.

Lakini Mellen alikataa. "Usifunge bado. Jibu kwa heshima."

Nikaandika: "Dada yangu, pole sana. Kama ni mimi nilikuunguza, njoo nikupeleke hospitali mimi mwenyewe. Niambie tu ulikuja siku gani."

Huyo wa Sauti ya Wateja siku hakutaja. Alijibu neno moja tu.

"FUNGA."

Benchi likabaki tupu. Asubuhi, mchana, tupu! Nikachoka. Nikamwambia Mellen nimeshindwa, naenda kwa mama mkwe.

"Basi kaa nikuoshe nywele," akasema. "Huwezi enda kwa wakwe ukikaa hivyo."

Nikainamisha kichwa kwa beseni. Akaosha... akaosha... halafu mkono wake ukasimama.

"Moraa, hapa nyuma uliungua na nini?"

"Ah, kitambo. Nikijifunza kazi Kisii. Mwenzangu alinipaka dawa akaenda kupiga stori."

"Lete simu."

Akanipiga picha kisogo, akaiweka kando na ile ya Facebook. Kovu lilikuwa palepale kidonda kilipokuwa, na umbo lake lilikuwa lilelile. Kando ya shingo, alama nyeusi ya kuzaliwa... ileile!

"Dada," akasema polepole, "huyu mteja ni wewe."

Niambieni, nani huwa anaona kisogo chake mwenyewe?

"Nani alikupiga hii picha?"

Aliyenipiga ile picha ni mtu mmoja tu duniani. Tulikuwa bado wachumba. Aliipiga ili amwonyeshe mwenye duka la dawa, anipatie mafuta ya kupaka. Nililia kwa mapaja yake siku hiyo.

Nikaenda Awendo. Nikampata Caleb kando ya lori, foleni ya miwa haisongi. Nikamwonyesha picha zote mbili. Nilitarajia akane. Aki nilitaka akane!

Akaangalia chini.

"Mama yangu analala kwa kitanda hana wa kumgeuza, na bibi yangu yuko Suna anapaka watu dawa!"

"Si ungeniambia, Caleb?"

"Ningekuambia, ungeenda?"

Singeenda.

"Una dada wawili hapo Homa Bay, karibu na mama," nikasema.

"Hao wameolewa."

"Na mimi niliokotwa?"

Foleni ikasonga, akapanda lori lake.

Niliweka zile picha mbili mtandaoni. Nikaandika: "Mteja aliyeungua ni mimi. Aliyenipiga picha na kuisambaza ni mume wangu. Saluni iko wazi."

Mnadhani watu waliomba msamaha? Thubutu!

"Mambo ya nyumba unaleta huku?"

"Ndio maana bwana amechoka na wewe."

Uongo ulizunguka kaunti mbili. Ukweli haukufika hata stendi. Wakwe wakaita kikao, wakaniambia nifute, nimemwaibisha kijana wao.

Sikufuta.

Halafu mama mkwe akanipigia, ulimi wake mzito tangu augue.

"Nyara," akasema, yaani binti yangu, "mimi sikumtuma. Mimi hujisifu kwa majirani ati mke wa Caleb ana saluni."

Hapo ndipo nililia vizuri.

Caleb sikurudi kwake. Siku hizi nalala kwa chumba cha nyuma cha Mellen. Wateja wanarudi mmoja mmoja, wengine bado wananiuliza mara mbili hiyo dawa ni gani.

Wenye biashara ndogo, nisikizeni. Komenti mbaya ijibu kwa heshima, ukiwa umepoa. Anayetaka kukucheka atacheka, achoke, aende kwa mwingine.

Lakini yule anayetaka ufunge kabisa, jiulize ukifunga yeye atapata nini.

Mimi wangu alikuwa ananishika bega.