Ndugu Yangu Aliweka Jina Lake Kwenye Picha Zangu

Mwaka wa 2017, nikiwa na miaka hamsini na mitatu, ndugu yangu wa tumbo moja aliniua nikiwa hai. Sitaki huruma ya mtu. Binti yangu Mwende ndiye anayeandika; mimi nasema, na nimemkataza kulainisha.

Mimi ni mchoraji. Shule niliachia darasa la tatu huko Ukambani, na kuchora sikufundishwa na mtu. Nilikuja Nairobi kubeba mawe ya mjengo. Siku moja mvua ilisimamisha kazi, nikachora fahali kwenye ubao kwa rangi iliyobaki mkebeni. Mwenye bucha mmoja wa Kinoo akamwona, akataka fahali yule yule ukutani kwake. Tangu hapo sijabeba jiwe la mtu.

Nimechora ng'ombe wa bucha, vichwa vya vinyozi na samaki wa hoteli, kutoka Kinoo hadi Ngara. Watu wangu wana shingo ndefu na mbuzi wangu wanacheka. Ndivyo ninavyowaona.

Kilonzo ni mdogo wangu. Baba alipokufa nilimsomesha mimi, kwa brashi hii, hadi kidato cha nne. Alipokosa kazi nikamwita. Kazi yetu ina mtu wa picha na mtu wa herufi. Mimi nikachora, yeye akaandika maneno. Na picha ikiisha, mtu wa herufi huandika pembeni jina na nambari ya simu, ili mteja mwingine ajue fundi anapatikana wapi. Kilonzo aliandika jina lake na nambari yake. Nikaona sawa... si yeye ndiye aliyejua Kiingereza cha wateja? Si ni damu yangu?

Wasomaji, hapo ndipo nilipozikwa.

Akaniletea turubai za kuchorea. Akasema kuna hoteli Mombasa inataka picha za maisha yetu: harusi, mazishi, akina mama wa soko, askari wakifukuza wachuuzi. Nilichora chumbani kwangu Kinoo hadi macho yakauma. Nilimchora pia marehemu mke wangu, Mbithe, akiwa na kitenge chake cha manjano. Hiyo sikutaka itoke.

"Baba Mwende," Kilonzo akaniambia, "wacha na watu wa mbali wamjue Mama Mwende."

Nikaitoa.

Kisha mama mmoja mwenye duka Ngara akaniita nimchoree mlango. Nilipoanza tu, akanisimamisha.

"Mzee wangu, usinikasirikie, lakini hapa unaiga yule msanii wa TV. Mimi nataka orijino."

Msanii gani? Akanionyesha kwenye simu. Kilonzo! Amevaa kofia pana kama ya mchunga ng'ombe wa sinema, na nyuma yake, ukutani, Mbithe wangu ananiangalia.

Habari ile ya simu ilisema anaonyesha picha hizo Loresho, nyumbani kwa mama mmoja tajiri. Nikaenda. Askari wa geti akanitazama viatu, akasema, "Wa kuleta gesi wanapitia nyuma." Nikapitia nyuma.

Nilimkuta Kilonzo mbele ya picha ya Mbithe, akiwaeleza wageni kwamba huyo ni mama mmoja tu aliyemwona njiani. Mama mmoja tu! Mke wangu, aliyempikia hadi akamaliza shule!

Nikasema kwa sauti: picha hizi zote nimechora mimi. Watu wakageuka. Mwenye nyumba akaniuliza, kwa adabu kabisa, mbona basi jina si langu. Nikamwambia anipe brashi ajionee.

Kilonzo hakutoka hata jasho. Alicheka, akanishika bega.

"Ni kweli, anaweza kuchora hivi. Huyu ni kaka yangu. Nimemfundisha mwenyewe, polepole, maana hakusoma."

Wakampigia makofi. Makofi ya roho nzuri! Sasa ningechora nini? Kila mstari ambao ningeweka ungekuwa ushahidi wake. Kisha akaniinamia sikioni, kwa Kikamba, wageni wasielewe: "Kula unachopewa na unyamaze."

Nilienda kwa mama yetu. Akaniuliza kama nataka mtoto wake afungwe kwa sababu ya rangi, na kama jina la baba si lile lile kwetu sote. Nikavaa kofia yangu nikatoka.

Lakini mwizi wa mkono wa mtu hana mkono. Picha ziliisha, na watu wakaanza kuuliza mpya ziko wapi. Asubuhi moja Kilonzo akasimama mlangoni kwangu na turubai kwapani.

"Baba Mwende, yaishe. Tutaandika majina mawili."

"Nirudishie Mbithe kwanza."

Akaangalia chini. "Aliuzwa. Yuko ng'ambo, hata sijui nchi gani."

Nikamfungia mlango. Nasikia siku hizi anaambia watu kwamba amepumzika kuchora. Apumzike. Mnaosema nimsamehe, nyamazeni. Hakuna kati yenu aliyesikia mke wake akitajwa "aliuzwa" kama mbuzi.

Nawaomba nyinyi mnaofanya kazi kwa mikono: fundi wa viatu, mshonaji, mchonga vinyago... usimwachie mtu akuandikie jina, hata kama mlinyonya titi moja. Mimi sasa naandika langu kwanza, ukuta ukiwa bado mtupu, mteja akiwa amesimama hapo anaona. Ndipo nachora. Asiyetaka hivyo atafute mwingine.

Leo nina vyumba viwili vya mabati Kinoo, ngazi ndefu na fupi, mkokoteni, mikebe ya rangi, suti moja ya kanisa, na binti. Ndugu sina.